Mabeseni ya Mama Godelieve

Machimbo ya dhahabu ya Misisi yana namna yake ya kurudisha watoto wa watu. Mmoja anarudi na pikipiki mpya na miwani ya jua, mwingine anarudi na mguu mmoja, mwingine anarudi amefungwa ndani ya blanketi. Mama Godelieve alirudishiwa mbwa.

Na si mbwa wa kusema tu mbwa. Hapa Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya ziwa Tanganyika, tumezoea mbwa wa kiasi, wale wembamba wa rangi ya mchanga, ambao ukiinama kufunga kamba ya kiatu wanadhani unaokota jiwe, na ukisimama wameshafika Nundu. Huyu alikuwa na kichwa kama chungu cha harusi na kifua cha askari aliyelipwa mshahara. Aliletwa kwa pikipiki, amekaa katikati ya dereva na abiria kama mtu aliyelipa nauli. Avenue nzima, mtaa wetu wote, ilitoka kumtazama. Kabla jua halijazama alikuwa ameshapewa jina, Ministre, yaani Waziri, kwa sababu alikuwa mkubwa, alikula vizuri, na hakuna aliyejua kazi yake.

Abiria wa ile pikipiki alikuwa Dany, mchimbaji, rafiki wa Bienfait. Na Bienfait ndiye mtoto pekee wa Mama Godelieve. Dany alipewa kiti akakaa. Alipewa fufu, ugali wetu wa muhogo, akakataa. Mtu anayetoka Misisi akikataa fufu, ujue tumboni mwake mna habari iliyojaza nafasi yote. Alisema shimo lilianguka kwenye mvua kubwa, Bienfait na wenzake wakiwa ndani. Walichimba kuwatafuta, udongo ukazidi kushuka, mwisho wenye shimo wakasema basi, na pakaachwa vile.

"Ulimuona?" Mama Godelieve aliuliza.

"Mama, balikuwa chini kabisa, hatukuweza..."

"Mi nauliza kama ulimuona."

"Hapana, mama."

"Basi hajakufa. Mulimupoteza. Kitu chenye kupotea kinatafutwaka."

Dany akatazama viatu vyake. "Yeye alisemaka, kitu kikinipata, imbwa yangu ikae kwa mama."

"Unaona? Muntu anatuma mizigo mbele, kisha yeye anafuata."

Tangu siku ile hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Mbwa ni mzigo uliotangulia, mwenyewe yuko njiani. Mbwa akiwa hai, kuna mtu wa kuja kumchukua.

Msimuite mjinga. Mama Godelieve alizaliwa Makobola, na mwaka 1998, watu wa kijiji walipouawa, alikuwa huko, msichana mkubwa. Mambo ya huko haongei. Nilimsikia mara moja tu, siku bamama wa kanisa walipokuja kumwambia afanye matanga ya mtoto wake. Walikuwa wameshakuja na turubai kabisa, limekunjwa kichwani kwa Mama Constance, mkubwa wa kamati ya matanga. Mama Godelieve aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Ba Makobola nilibaona na macho yangu. Nililia ju nilibaona. Huyu sijamuona. Munataka nilie nini?"

Mama Constance, ambaye ana jibu kwa kila kitu hata kabla hujauliza, aligeuka na turubai lake akaenda.

Baada ya Makobola alivuka ziwa mpaka Tanzania, akaishi kambini miaka mingi, akaolewa huko, akamzaa Bienfait huko. Mume alitoka kutafuta kazi akaipata, nadhani, pamoja na mke mwingine. Mama alirudi Baraka na mtoto mgongoni na sufuria moja, akaanza kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mpaka leo ukipita ufukweni asubuhi utamkuta anazigeuza juani kwa mkono, anafukuza bata, anatukana wateja kwa upole. "Baba, ukitaka samaki mukubwa, nenda ukamuvue. Hizi njo zilinikubali." Bienfait alikuwa akimwambia aache, atamjengea nyumba ya mabati mapana, atakaa kwenye baraza kama mke wa administrateur, mkubwa wa wilaya. Ndiyo aliyoyafuata Misisi.

Basi, mbwa. Alipofika mvua zilikuwa bado zinanyesha, na kila iliponyesha alikwenda kusimama ukutani, anafungua kinywa, anakunywa maji yaliyotiririka kutoka kwenye bati. Tukacheka. Tukasema Misisi hata mbwa wanajifunza uvivu, hawainami. Hakuna aliyegundua kwamba hakunywa penginepo popote.

Kisha mvua zikakatika. Kiangazi kikaingia na vumbi lake, na Ministre akaacha kunywa.

Mama alianza na beseni la plastiki la kijani. Mbwa alilinusa kwa mbali, akarudi nyuma, akakaa. Labda plastiki inanuka sabuni: mama akalisugua kwa majivu, akabadilisha maji. Mbwa akatazama pembeni kama mgeni aliyeletewa kitu ambacho dini yake inakataza. Akaleta sufuria ya aluminiamu. Hapana. Jirani mmoja akasema sufuria inang'aa, mbwa anaona mbwa mwingine ndani. Akaleta bakuli la maua, lile la bati lililopakwa rangi ambalo hata mchungaji anawekewa siku ya sikukuu tu. Ministre alilikataa hata hilo, na mchungaji asijue alivyolinganishwa.

Mimi nami, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, nilitoa ushauri, kwani ushauri ni kitu pekee nilichomaliza kusomea. Nikamwambia: "Mama, huyu ni murefu. Shingo inamuuma kuinama. Weka juu ya benchi." Tukaweka juu ya benchi. Akaligonga kwa bega, likamwagika. Tukasema chombo ni chepesi, mnyama mkubwa anataka kitu kizito. Tukaenda kwa mtu wa pikipiki, tukaomba tairi lililokufa, tukalikata, likawa bakuli ambalo hata ng'ombe asingelisukuma. Tukaleta kinu cha kutwangia. Uani kwa Mama Godelieve kukawa kama soko la vyombo, kila kimoja kina maji, kila kimoja kina inzi, na katikati yake mbwa mkubwa amelala, ulimi nje, anaangalia maji yote yale kama mtu anayeangalia picha ya chakula.

Na kula alikuwa anakula, jamani. Vichwa vya ndagala vyenye chumvi! Mama alipoona hivyo akaacha kumpa ndagala, akampikia uji mwepesi. Alilamba kidogo juu ya jani la mgomba. Uji ndani ya bakuli, hapana.

"Peleka ziwani," watu wakasema. Tukampeleka. Tanganyika yote ile, maji mpaka macho yanachoka. Ministre alisimama mchangani, akalitazama ziwa kutoka kushoto mpaka kulia, akarudi nyuma hatua kadhaa na kukaa. Wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Halafu mmoja hakucheka. Akasema taratibu: "Imbwa inaogopa mayi. Munajua ni nini ile."

Tulijua. Hapa kila mtu anajua: mbwa anayeogopa maji ana kichaa, na mbwa mwenye kichaa akikuuma, wewe ndiye utakayeogopa maji mpaka ufe. Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Kina mama walishaingiza watoto ndani. Vijana ambao hata siku moja hawajawahi kuwahi kazi walikuwa wameshatafuta fimbo.

Chef Albert, mkubwa wa avenue yetu, alikuja jioni ile. Si mtu mbaya. Ana kofia, ana radio, anapenda kuanza maneno kwa "kama vile sheria inasema" hata akiongelea bei ya mihogo. Alisimama mbali na mbwa.

"Mama Bienfait, kama vile sheria inasema, hii imbwa ni hatari ya watu wote."

"Imemuuma nani?"

"Hatungojei iume. Watoto wako hapa."

"Haina kichaa. Inakataa tu vyombo."

"Mama, imbwa inakataaje vyombo? Imekuwa bibi arusi?" Watu wakacheka, naye akaona amefanya vizuri, akalegea kidogo. "Sikiliza. Mi nakupa mpaka siku ya Mungu. Tukitoka kanisani nitakuja na batu. Ikinywa mbele ya macho yetu, inaishi. Isipokunywa, hawa bijana banajua kazi."

Alipoondoka, Mama Godelieve alichukua bidoni la njano, lile dumu la kuchotea maji, akalinyanyua amwagie mbwa maji mdomoni. Ministre akakunja mkia, akaingia nyuma ya choo, akaonyesha meno. Hapo ndipo tulipoona mgongoni mwake, chini ya manyoya, ngozi iliyojikunja kama plastiki iliyopita motoni. Kuna mtu aliyewahi kummwagia maji ya moto. Vijana walioona yale meno kutoka kwenye uzio wakasema: si tulisema?

Mama alijaribu na robine ya avenue pia, lile bomba la maji la wote ambalo shirika lilitujengea na kuandika jina lake kubwa kuliko robine yenyewe. Foleni ya bidoni ilikuwa ndefu. Mbwa alipoona maji yanadondoka alisimamisha masikio, akavuta kamba mpaka mama akateleza. Lakini bamama walipiga kelele, na mlinzi wa robine akafunga koki akaweka ufunguo mfukoni. "Mama, kipindupindu kiko! Unaleta kinywa cha imbwa fasi tunachotea mayi ya batoto?" Hakukosea. Mwezi ule kituo cha afya kilikuwa kimejaa. Mama mwenyewe alisema "samahani" akaondoka.

Hapo ndipo mama aliponipa namba ya Dany. Nilipiga, nikaweka sauti nje mama naye asikie. Nyuma ya Dany ilisikika motopompi, ile pampu ya kuvuta maji shimoni, inanguruma na watu wanaitana.

"Dany, imbwa haikunywi," nikasema.

"Munaiwekea ndani ya nini?"

"Ndani ya beseni. Sufuria. Bakuli. Tairi. Kinu. Tumebakiza kofia ya chef."

Dany akasema, "Aa. Mama, unisamehe. Nilisahau kuwaambia."

Akaeleza. Machimboni dhahabu inaoshwa ndani ya mabeseni, na ndani ya yale maji wanatia zebaki, ile dawa nzito inayokamata vumbi la dhahabu. Mbwa wengi walikunywa humo. Wanatetemeka, wanazunguka, wanakufa. Bienfait alipompata huyu, angali mdogo, alikaa naye karibu na mabeseni kutwa nzima, na kila aliposogeza pua alimchapa, akambembeleza, akamchapa tena, mpaka mbwa akajua: maji yaliyotulia, yawe ya chombo chochote au ya bwawa, si yako. Alikuwa anamnywesha kwenye mpira wa motopompi tu, pale maji yanapotoka yenyewe. Na bidoni? Kuna mama mmoja wa mgahawa aliyemmwagia maji ya moto. "Hii imbwa inaaminia mayi yenye haina mukono wa muntu," Dany alisema. "Haina kichaa, mama. Inatii."

Mama Godelieve aliketi chini kati ya vyombo vyake, akaanza kuvimwaga kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemaliza kuosha vyombo baada ya wageni kuondoka. Mbwa alimtazama.

Basi tukajua tunachotafuta: ndoo ya robine, zile ndoo zenye koki ndogo chini, za kunawia mikono. Kila ofisi inayo mlangoni. Nikadhani mambo yamekwisha. Tukazunguka soko zima. Ndoo zipo, za robine hapana. Kipindupindu kilikuwa kimepanda, na watu waliokimbia vita kutoka upande wa Uvira walikuwa wamejaa, mashirika yakafagia maduka yote. Muuzaji mmoja alituonyesha koki bila ndoo, yenye ufa. Ndoo ya kituo cha afya ilifungwa kwa mnyororo kama mfungwa wa kisiasa. Ya shule ilikuwa imeibwa, na walibaki na kibao kinachosema "Nawa mikono".

Waliokuwa nazo ni kamati ya matanga. Mbili, bluu, safi, kwenye chumba cha Mama Constance, pamoja na turubai, mabenchi na sufuria kubwa. Vitu hivyo vinatoka kwa ajili ya kilio tu. Ni sheria yao, na ndiyo sababu bado wanavyo, wakati kila kitu kingine cha umma hapa kimeshapata mwenyewe.

Mama Constance alitupokea vizuri. Alimsikiliza Mama Godelieve mpaka mwisho, zebaki na yote.

"Pole sana, dada. Lakini hizi ndoo ni za kilio. Tukianza kuazima ju ya imbwa, kesho ni ju ya bata."

"Ni siku moja tu. Mpaka chef aone."

"Na kesho yake itakunywa ndani ya nini?"

Mama Godelieve akazitazama zile ndoo za bluu.

"Dada," Mama Constance akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mi nilikuja kwako na turubai juu ya kichwa. Ulinirudisha. Sikukasirika. Nyumba yenye kilio, hata saa hii tunaleta kila kitu."

"Kwangu hakuna kilio."

"Basi."

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa na utani mdomoni, nikaumeza. Mbwa alikuwa kivulini, hakuinuka. Macho yalikuwa yameingia ndani, na ukimvuta ngozi ya shingo ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Mama aliloweka kitambaa, akamkamulia juu ya ulimi. Matone yakaanguka. Alilamba mawili matatu, kisha akachoka hata kulamba. Mama aliendelea kukamua juu ya kinywa kilichofungwa. "Unaona huyu?" aliniambia. "Mwenye kumukataza hayuko, na angali anakatazika." Nilijua anamuongelea nani, na nilisikia alichosema: hayuko. Naye alijisikia. Aliweka kitambaa chini.

Jumamosi asubuhi alivaa kitenge chake kizuri, akanifunga kamba ya mbwa mkononi nimchunge, akaenda. Hadithi hii niliipata baadaye kwa Mama Constance mwenyewe, kwa maana mimi nilibaki. Alimkuta anachambua mchele.

"Leta ndoo," Mama Godelieve akasema.

"Dada, nilikuambia..."

"Bienfait alikufa."

Mama Constance alijua kwa nini limesemwa leo na si mwezi uliopita. Avenue nzima ilijua. Lakini hakuuliza. Aliweka ungo chini, akafunga kitenge kiunoni, akatoka mlangoni na kupiga ule ukelele ambao hapa kwetu ukishatoka haurudishwi ndani. Nyumba za jirani zikaitikia. Nikausikia kutoka kule uani, na mbwa akainua kichwa.

Kabla ya mchana turubai lilikuwa limesimama. Vijana wenye fimbo waliziegesha kwenye uzio wakabeba mabenchi. Kilio ni kilio. Mama Godelieve alikaa chini kwenye mkeka, miguu imenyooka, bamama wawili wamemshika mabega, macho makavu. Ndoo ya bluu ilikuwa mlangoni juu ya kiti, na beseni chini yake. Beseni lile nililiondoa mimi.

Wa kwanza kunawa alikuwa Chef Albert, kwa sababu ya kofia. Alifungua koki. Maji yakaanguka chini, yakapiga mchanga, yakatoa ile sauti ya maji ya mvua. Ministre alisimama. Alipita katikati ya watu wa kilio, anayumba, mabenchi yakajivuta yenyewe, mwimbaji akakata wimbo katikati. Chef alikuwa ameganda, mikono chini ya koki, sabuni mpaka kwenye viwiko. Mbwa alikigeuza kichwa kile kikubwa upande, akakiweka chini ya mikono ya chef, akanywa.

"Musimufukuze," Mama Godelieve akasema kutoka mkekani.

Hakuna aliyemfukuza. Alikunywa mpaka ndoo ikaisha, na mmoja wa wale vijana wa fimbo akaijaza, akanywa tena. Chef alitoa mikono yake, akajifuta kwenye suruali.

"Haina kichaa," alisema, na kwa mara ya kwanza hakutaja sheria. "Ilikuwa na kiu tu."

Hapo ndipo Mama Godelieve alipolia. Nimesikia vilio vingi hapa wilayani kwetu Fizi, hatukosi, lakini kile kilianza chini kabisa, kama mtu anayeinua kitu kizito asichokuwa na wa kumsaidia. Alimwita Bienfait kwa jina, kisha jina lingine la utotoni ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulijua. Mbwa aligeuka, maji yanamdondoka kidevuni, akaja kulala kandokando ya mkeka. Bamama walianza wimbo upya.

Matanga yalipokwisha, kamati ilikuja kukusanya vitu. Walihesabu masufuria, wakakunja turubai. Ndoo ya bluu waliiacha pale pale kwenye kiti. "Ile sasa ni ya imbwa," Mama Constance alisema, akikunja uso. "Mukristo gani atanawia tena pale?" Na akaenda haraka, ili asishukuriwe.

Ministre anaishi. Ananenepa, anabwekea kuku, anakunywa kwenye robine yake kama mwenye nyumba. Mama Godelieve anamfungulia koki asubuhi kabla ya kwenda kugeuza ndagala. Njiani ufukweni, watu walikuwa wakimuuliza kila siku, kwa heshima tu, kwa kumfurahisha: "Mama Bienfait, mutoto anakuya lini?" Na yeye alikuwa akijibu: "Yuko njiani." Walijua, naye alijua kwamba wanajua, lakini swali lilimfikisha kazini.

Sasa wanamwambia "pole, mama," na kumpisha njia.